Kutafuta Chanzo cha Kosa: Kisa cha Seva Moja huko Ipuli

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi kosa tulilolitenda sisi wenyewe, tukiwa na kalamu ya ukaguzi mkononi, katika shule moja ya msingi iliyoko kata ya Ipuli, Manispaa ya Tabora. Shule hiyo hatutaitaja jina, wala mwalimu mwanafunzi tuliyemkosea hatutamtaja. Kosa lenyewe tutalieleza lote, maana nanyi mwakani mtashika kalamu hiyohiyo mbele ya watoto arobaini au hamsini, na hakuna atakayewakagua ninyi mnapowakagua wao.

Yafaa kwanza msomaji afahamu jinsi chumba chenyewe kilivyokuwa. Mlikuwa na kompyuta 25 za mezani, zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika shuleni. Intaneti haikuwapo. Kompyuta zote ziliunganishwa kwa nyaya na mtambo mmoja uliowekwa kabatini katika ofisi ya Mwalimu wa Taaluma, na mtambo huo ndio unaoitwa seva, yaani mtumishi wa nyingine zote. Uliendeshwa na Linux, mfumo wa jamii ya Unix. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na Linux ikaanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Juu ya mfumo huo zilikaa programu tatu za kutazamwa: Apache, inayopokea maombi na kutoa kurasa, Moodle, inayopanga masomo, na MariaDB, ambayo ni hifadhidata, ghala la taarifa zote za masomo na wanafunzi. Kumbukumbu ya mtambo ilikuwa megabaiti 2,048. Neno kumbukumbu lisiwapoteze. Hapa halina maana ya kabati la kuhifadhia vitu. Maana yake ni meza ya kufanyia kazi. Kila programu inayotenda jambo huhitaji nafasi juu ya meza hiyo, na umeme ukizimwa meza yote hufutwa.

Somo tulilokwenda kulikagua lilikuwa la Sayansi, mada ikiwa mzunguko wa maji. Wanafunzi walikuwa 50, wameketi wawiliwawili. Mwalimu mwanafunzi, dada mmoja mpole wa mwaka wa pili, aliingia na andalio la somo safi. Aliwauliza watoto maji ya Bwawa la Igombe hutoka wapi na huenda wapi, akasikiliza majibu, akayapanga ubaoni. Kisha akawaamuru wote waweke mkono juu ya kipanya na kungoja. Chumba kikawa kimya. Akasema, "Haya, wote kwa pamoja, bonyezeni."

Wakabonyeza. Sekunde chache zikapita, halafu vioo vyote vikaandika kwamba hifadhidata haipatikani. Mtoto mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, yetu imekufa!" na mwingine akajibu kwamba hata yao imekufa. Kijana anayetunza chumba akaitwa, akakimbilia ofisini, akauzima mtambo na kuuwasha upya. Mwalimu mwanafunzi aligeukia ubao akachora wingu, mvua, mto na mishale. Alichora vizuri, lakini watoto walikuwa wakitazama vioo. Katika fomu yetu tuliandika kuwa dakika 17 kati ya 40 za kipindi zilipotea, na chini ya kifungu cha zana za kufundishia tukaandika: "Hakujaribu zana zake kabla ya somo." Alama tuliyompa ilifuata maneno hayo.

Baada ya kipindi alitufuata barazani. Alisema, "Shikamooni walimu," tukaitikia. Akaendelea, "Walimu wangu, mimi nilizijaribu jana jioni, moja baada ya nyingine. Zote zilifunguka." Tulimjibu kama wakaguzi wanavyojibu, kwamba mwalimu hana budi kutarajia kila jambo. Hakubishana nasi.

Juma lililofuata tulimkagua mwenzake katika chumba hichohicho. Kwa kweli darasa lake lilikuwa soko. Huyu anafungua, yule anafunga, mwingine ameiacha kompyuta na kwenda dirishani. Seva haikufa. Tukaandika kuwa zana zilitumika inavyofaa. Fomu hizo mbili zilikaa pamoja katika jalada moja kwa siku tisa kabla hatujaona kwamba zinapingana.

Kilichotuamsha ni kwamba mtambo uliendelea kufa, mara mbili tena katika juma hilo, na kila mara kijana yule aliuzima na kuuwasha. Baadhi ya walimu wa shule walisema kompyuta zile ni chakavu na afadhali ziondolewe. Lawama za namna hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, kufuatia matatizo ya kompyuta katika hesabu za Hazina, na zuio hilo likaondolewa baadaye. Wengine walitaka fedha za kununua kumbukumbu zaidi. Sisi, ambao tulijua kidogo tu kuliko wao, tuliomba tuachiwe mtambo kwa siku mbili.

Hatua ya kwanza ilikuwa kusoma. Linux hueleza yanayoisibu, na huyaeleza mahali pawili. Mahali pa kwanza husomwa kwa amri iitwayo dmesg. Hapo ni kama ubao wa darasa: yaliyoandikwa hukaa hadi mtambo uzimwe, kisha hufutika. Mahali pa pili ni faili lililomo katika diski, aghalabu huitwa kern.log, nalo ni kama kitabu cha matukio cha shule, ambacho hubaki hata mwalimu mkuu akihamishwa. Kijana yule kwa bidii yake alikuwa akifuta ubao kila mara kabla ya yeyote kuusoma. Hatukumlaumu, ndivyo alivyoelekezwa, na watoto walikuwa wakingoja. Tulifungua kitabu cha matukio tukatafuta siku na saa ya somo la dada yule. Maneno yalikuwapo. Yalisema kwamba programu moja ya Apache iliomba nafasi ikakosekana, kwamba kumbukumbu imekwisha, na kwamba MariaDB imeuawa.

Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Kwa kuwa hifadhidata ndiyo iliyokufa, tuliona kwamba hifadhidata ndiyo mgonjwa. Tulitumia alasiri nzima kuikagua ghala hiyo, tukitafuta kidonda ambacho hakikuwapo.

Ili mwelewe kwa nini hakikuwapo, tazameni jinsi Linux inavyogawa kumbukumbu. Mfano wake ni karani wa ghala la kijiji. Wanakijiji wanakuja kuomba mahindi, kila mmoja akitaka magunia mengi kuliko atakayoyahitaji. Karani anajua tabia yao. Kwa hiyo anawaandikia wote hati, ingawa jumla ya hati hupita magunia yaliyomo ghalani, akiamini kwamba hawatafika wote siku moja. Siku nyingi anakuwa sahihi, na ghala linawahudumia watu wengi kuliko lingewahudumia kama angekuwa mkali. Lakini siku wanapofika wote pamoja na hati zao, ghala linakuwa tupu huku watu wamesimama mlangoni. Linux ikifikia hapo, na ikiwa haina tena cha kurudisha wala cha kuhamisha, kiini cha mfumo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone. Kila programu hupewa alama kwa ajili ya uteuzi huo, na jambo linaloongeza alama kuliko yote ni ukubwa wa nafasi ambayo programu hiyo imeshika.

Basi katika tukio kama hilo kuna wahusika watatu, na mara nyingi hawafanani. Yuko aliyeomba mara ya mwisho, akakuta ghala tupu. Jina lake huandikwa kwanza kitabuni, naye huenda aliomba kibaba tu. Yuko aliyeuawa, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko mwingine yeyote peke yake. Yuko na aliyelimaliza ghala, ambaye huenda hakuandikwa popote, hususa ikiwa si mmoja bali ni kundi la wadogo wengi. Huko Ipuli aliyeuawa alikuwa MariaDB, iliyoshika megabaiti zipatazo 600, kama ilivyopangiwa na kama ilivyoshika siku zote bila kudhuru mtu.

Walimu wanafunzi watatuvumilia tukitoka kidogo kwenye mtambo. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton (si yule Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora yetu, mwaka 1857), walichapisha uchunguzi juu ya makosa ya watoto katika kutoa. Walitengeneza programu waliyoiita BUGGY, iliyojifanya mwanafunzi mwenye kosa fulani la kudumu, na walimu wanafunzi wakaitumia kama mchezo: waliipa hesabu, wakatazama majibu, wakakisia kosa ni lipi. Chukueni mtoto anayeandika kwamba 52 kutoa 17 ni 45. Mwalimu mwenye haraka huandika kwamba hajui kutoa. Lakini mtoto huyo ametoa bila kosa mara mbili: 2 kutoka 7 ni 5, na 1 kutoka 5 ni 4. Tatizo lake ni kanuni moja aliyojitungia, kwamba siku zote tarakimu ndogo hutolewa katika kubwa. Mpeni 57 kutoa 12 atapata 45 iliyo sahihi, nanyi hamtaona kitu. Kosa lake huonekana pale tu mnapochagua hesabu inayolifichua. Somo la dada yule lilikuwa hesabu ya namna hiyo, na lile la mwenzake lilikuwa 57 kutoa 12.

Turudi ofisini. Siku ya pili tuliacha kukisia tukaanza kuhesabu. Amri ya free hueleza kumbukumbu iliyotumika na iliyobaki, nayo huwatisha wanaoanza, maana Linux haipendi meza iwe tupu. Nafasi isiyotumika huijaza nakala za mafaili ili zisomwe upesi, na huzitupa mara nafasi hiyo inapotakiwa. Kwa hiyo tarakimu ya kuitazama ni ile ya nafasi inayoweza kupatikana, wala si ile ya nafasi iliyo wazi. Chumba kilipokuwa kitupu, nafasi ilikuwa tele.

Ndipo tukageukia Apache. Kwa mpangilio uliotumika pale, programu hiyo huajiri watumishi, na kila mtumishi hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja. Tulipompima mtumishi mmoja, orodha ya programu ilituonyesha megabaiti 52. Hesabu hii ina mtego wake. Watumishi hawa hushiriki sehemu fulani ya kumbukumbu kwa pamoja, lakini orodha humhesabia kila mmoja sehemu hiyo kana kwamba ni yake peke yake. Waulizeni watoto watatu walioketi dawati moja, mmoja mmoja, kama ana dawati. Wote watasema ndiyo, nanyi mkijumlisha mtaandika madawati matatu. Tulipogawa cha pamoja sawasawa, kila mtumishi alibakiwa na megabaiti 40 hivi.

Je, watumishi waliruhusiwa kuwa wangapi? Faili la mpangilio lilisema 150. Hakuna mtu wa shule aliyeichagua tarakimu hiyo. Ilikuja na programu. Na je, waliweza kweli kufika 150? Kisakuzi, ile programu ya kufungulia kurasa, huweza kufungua hadi njia sita kwa seva moja ili kuleta picha haraka. Ukurasa wa mzunguko wa maji ulikuwa na picha nyingi, na katika Moodle picha za somo hazichukuliwi tu rafuni. Kila moja hupitia mikononi mwa mtumishi, ili ithibitishwe kwamba anayeiomba anaruhusiwa kuiona. Kompyuta 25 mara njia 6 ni 150. Watumishi 150 mara megabaiti 40 ni megabaiti 6,000. Meza ilikuwa na 2,048.

Tuliitazama karatasi hiyo kwa muda. Hati zote zilikuwa zimeletwa mlangoni kwa sekunde moja, na aliyezileta ni mwalimu aliyefaulu kuwatuliza watoto 50 na kuwafanya wabonyeze kwa pamoja. Yule aliyeshindwa kulitawala darasa aliwatawanya bila kujua, nao wakapita mmoja mmoja. Jioni ile ya majaribio, dada yule alifungua kompyuta moja baada ya nyingine, kama alivyotuambia barazani. Tulikuwa tumemwadhibu kwa utaratibu wake na kumsifu mwenzake kwa kelele.

Kabla ya kufika kwenye dawa iliyofaa, tulijaribu mbili zisizofaa, nazo tutazipita upesi. Tulitenga megabaiti 2,048 za diski ziwe nyongeza ya kumbukumbu. Mtambo haukufa tena, bali ulitambaa. Diski ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu halisi, na kipindi kiliisha huku picha ya pili haijafika. Kisha tuliagiza kiini cha mfumo kisiiguse MariaDB kabisa. Jambo hilo linawezekana kwa kuandika tarakimu moja tu, lakini hesabu ya 6,000 kwa 2,048 ilibaki palepale, na jaribio lililofuata likaua programu nyingine.

Dawa iliyofaa wazee wa Unyamwezi wangeitambua. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipopita hapa Tabora kuelekea Ujiji, mpagazi alibeba ratili 60 au 70 hivi, yaani kilo 27 hadi 32, na mizigo ilifungwa ikiwa tayari katika kipimo hicho. Mizigo ilipozidi watu, msafara ulisimama ukangoja watu. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, tangu Stanley alipoondoka Machi 1872 hadi Agosti mwaka huohuo, akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Hapana shaka alichoka kungoja. Lakini msafara unaongoja hutofautiana na msafara ulioanguka njiani, na seva nayo ni hivyohivyo: ombi linalokosa mtumishi hupanga foleni mlangoni, na likipanga foleni halishiki kitu mezani.

Tulifanya hesabu ambayo mwanafunzi wa Darasa la Nne angeiweza. Kutoka 2,048 tuliondoa 600 za hifadhidata, tukaondoa 400 za mfumo wenyewe na shughuli nyingine. Zikabaki 1,048. Tukagawa kwa 40, tukapata watumishi 26 na sehemu. Hatukuandika 26, maana mtumishi mmoja akinenepa kidogo mambo yangerudi palepale. Tuliandika 22. Jumla ikawa 880 na 600 na 400, yaani 1,880, na akiba ya 168. Kadhalika tulipunguza muda ambao mtumishi hukaa na mteja aliyekwisha kumhudumia, akingoja kama ana neno zaidi, kutoka sekunde 5 hadi 1. Ile akiba ya diski tuliiacha, lakini tukaipunguza iwe ndogo. Hatukununua kitu chochote.

Mwalimu mkuu alituruhusu kurudi siku ya Alhamisi, na tulimwomba dada yule afundishe somo lilelile kwa mkondo wa pili. Tulimweleza hesabu yote kabla ya kipindi. Aliuliza swali moja tu, kama watoto wa nyuma watangoja muda mrefu, kwa sababu alitaka kuwapa kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Tukamwambia hatuna hakika. Basi akawaagiza wahesabu.

Aliwatuliza kama mara ya kwanza. Mikono juu ya kipanya. "Haya, wote kwa pamoja, bonyezeni." Kompyuta za mbele zilipata picha karibu mara moja. Nyuma watoto walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kompyuta moja baada ya nyingine ikaonyesha wingu juu ya bwawa. Ya mwisho, iliyokuwa karibu na dirisha, ilipata picha zake zote walipofika tisa. Watoto wake wawili walishangilia kuliko wengine.

Fomu ya kwanza ilikuwa imekwisha kupelekwa katika ofisi ya mazoezi ya kufundisha. Tuliandika ya pili, tukaambatisha barua ya kueleza kwamba ile ya kwanza ilitolewa na wakaguzi ambao hawakuwa wamechunguza, na kwamba mwalimu mwanafunzi huyu alikuwa amezijaribu zana zake. Kabla ya kuipeleka tulimpa aisome. Aliisoma polepole, akaturudishia, akasema kwa heshima kwamba kuna jambo moja si sahihi. Sisi tulikuwa tumeandika kuwa siku ile zilipotea dakika 17.

"Zilikuwa 19, walimu wangu," alisema. "Niliziandika kwenye andalio la somo."

Tukarekebisha.